Uzi: Maji ya Merti hayana kipande

Kila msimu wa siasa ukifika kule kaskazini mashariki, ahadi ni ile ile: mkinichagua, kila kijiji kitapata kisima. Watu wanapiga makofi, na mimi sishangai. Mama anayepoteza asubuhi nzima na punda wake akitafuta mitungi miwili ya maji hawezi kuichekea ahadi ya kisima.

Lakini juzi nilikuwa nasikiliza mjadala redioni na nikajikuta nabishana na redio peke yangu. Mgombea wa kwanza alisema chini ya ardhi kuna maji ya miaka mia, ni kuchimba tu. Wa pili akasema maji yanaisha kwa sababu ya wakimbizi. Wa tatu akasema tuharakishe kuchimba kabla jirani wa ng'ambo hajatumaliza. Wote watatu walikuwa wanazungumzia maji yale yale, na hakuna hata mmoja aliyeyataja kwa jina.

Yanaitwa Merti. Wacha tuyaangalie polepole. Sheria ya hapa mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama.

Kwanza, yako wapi. Merti ni mji mdogo Isiolo, na ndio uliolipa jina tabaka la mchanga na mawe lililoshika maji chini ya ardhi. Tabaka hilo linaelekea mashariki, linapita chini ya Habaswein upande wa Wajir, chini ya Dadaab upande wa Garissa, linafika Liboi mpakani na kuendelea ndani ya Somalia, upande wa Dhobley na Afmadow. Juu kuna mpaka, vizuizi vya polisi na watu wanaoulizwa vitambulisho. Huko chini maji yanasonga zake mashariki bila kuulizwa kitu.

Tena ondoa kichwani ile picha ya ziwa kubwa lililofichwa chini. Chukua karai la mchanga, ulimwagie maji hadi yapotelee ndani. Hivyo ndivyo yalivyo. Ukitoboa shimo katikati, maji yatajikusanya humo pole pole. Ukiyachota haraka kuliko yanavyojikusanya, shimo linakauka ingawa mchanga wa pembeni bado una maji.

Halafu kuna jambo ambalo wagombea wetu wote watatu walilikwepa. Maji matamu ya Merti ni kama utepe mrefu mwembamba unaofuata bonde la Lagh Dera, lile korongo la mto wa msimu linaloelekea Somalia. Pande zote mbili za utepe huo kuna maji ya chumvi. Sasa ukivuta kwa nguvu mahali pamoja, siku baada ya siku, yale ya chumvi yanaanza kusogea kuja kujaza nafasi. Kwa hiyo kisima kinaweza kuharibika kabla hakijakauka. Pampu inafanya kazi, bomba linatoa, lakini ng'ombe wanageuza kichwa. Na maji ya chumvi yakishaingia, kuyarudisha yalikotoka si kazi ya muhula mmoja.

Haya, na huo utepe unajazwa na nani? Hapa ndipo hali ya hewa inapoingia.

Mvua ya Habaswein au Dadaab yenyewe ni kidogo na jua linaila upesi. Maji yanayoingia Merti sana sana yanatoka mbali. Ewaso Ng'iro unaanzia Mlima Kenya na Aberdare, unapita Laikipia, Samburu na Isiolo, halafu unaishia kwenye kinamasi cha Lorian. Mwaka wa kawaida hauendi zaidi ya hapo. Ila mwaka wa mafuriko makubwa maji yanafurika kupita Lorian, yanaingia Lagh Dera, na yakiwa yanatembea juu ya mchanga wa korongo, sehemu yake inazama. Hicho ndicho chakula cha Merti, na hakiji kila mwaka. Sehemu kubwa ya maji yaliyomo ni ya kale kabisa, ya mvua iliyonyesha maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kuchora mpaka wa Kenya na Somalia.

Kwa hivyo mtu akikwambia "maji yapo", muulize ni akiba au ni mshahara. Akiba ni kubwa kweli. Mshahara ni mdogo, na unalipwa siku mwajiri akitaka.

Nilikuwa naamini, kama wengi wetu, kwamba mabadiliko ya tabianchi maana yake ni kukauka tu, kwisha. Kumbe si rahisi hivyo. Kule Makutapora karibu na Dodoma, Tanzania, kuna visima vinavyolisha mji ambako kiwango cha maji ya chini kimepimwa tangu miaka ya 1950. Wanasayansi walipochambua rekodi ya miaka 55 na kuchapisha matokeo mwaka wa 2013, walikuta kwamba mvua za kawaida hazikuongeza karibu kitu. Kilichojaza maji ya chini ni misimu michache ya mvua kali mno, mingi yake ikiwa miaka ya El Niño. Yaani maji ya nchi kavu yanajazwa na ile mvua tunayoiogopa.

Dunia ikipata joto, hewa inabeba mvuke mwingi zaidi, na mvua kubwa zinakuwa kubwa zaidi. Ukisimama hapo unaweza kusema, basi Merti itafaidika. Na huenda kuna miaka itafaidika. Ila shida ni kile kinachotokea kati ya mafuriko moja na mengine.

Kumbukeni 2020 hadi 2022. Misimu mitano mfululizo mvua ilitukosa, kuanzia vuli ya 2020. Mizoga ya ng'ombe kando ya barabara mliiona wenyewe. Mwaka wa 2023 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Mkenya, Joyce Kimutai, lilichunguza ukame ule na kukuta kwamba joto lililoletwa na binadamu liliufanya uwezekano wa kutokea kwake kuwa angalau mara 100 zaidi. Tena sehemu kubwa ya lawama haikuwa mvua peke yake. Ilikuwa joto: hata hicho kidogo kilichonyesha kilinyonywa na jua kutoka kwenye udongo na majani. Halafu mwisho wa 2023 El Niño ikaja, na watu wale wale wakawa juu ya paa wakingoja boti. Hata kambi za Dadaab zilifurika.

Sasa fikiria msimu wa tatu wa ukame. Mabwawa ya juu yamekauka, Ewaso Ng'iro haufiki Merti mjini, sembuse Lorian. Mfugaji anaenda wapi? Kisimani. Wa pembeni naye anahamia hapo hapo na mifugo yake, na ngamia mwenye kiu anaweza kunywa lita 100 kwa mkupuo mmoja. Pampu inayowashwa saa 6 sasa inawashwa saa 18. Kwa maneno mengine, ule wakati ambapo hakuna tone linaloingia chini ndio wakati tunaochota zaidi ya wakati wote. Na ni hivyo hivyo Dhobley na Afmadow, siku zile zile, kwa sababu ukame huo ni mmoja. Majirani wawili wanafungua mfuko mmoja siku moja, na kila mmoja anadhani ni mfuko wake.

Niongeze kitu kuhusu sola, ingawa najua nitashambuliwa. Pampu za sola ni baraka, zimeokoa vijiji vilivyokuwa vinakaa na kisima kizima lakini bila pesa ya dizeli. Ila dizeli ilikuwa na breki yake: kila saa ya pampu iligharimu kitu, mtu akazima. Jua halitumi bili. Kisima cha sola kisicho na mita kinaweza kumwaga maji kutwa nzima na hakuna anayejua kimetoa kiasi gani. Sisemi tuirudishie dizeli kazi. Nasema mita.

Turudi kwa wagombea wetu.

"Kuna maji ya miaka mia." Tushawahi kuusikia wimbo huu. Septemba 2013 Wakenya waliambiwa kwamba Turkana, kwenye bonde la Lotikipi, kumepatikana maji ya chini ya mita za ujazo zaidi ya bilioni 200. Ilitangazwa duniani kote, na hesabu za miaka 70 ya maji kwa taifa zima zikaanza kuzunguka. Visima vya majaribio vilipochimbwa baadaye, maji yakaonekana yana chumvi kupita kiasi cha kunywa bila kusafishwa kwa gharama kubwa. Hakuna aliyedanganya kuhusu wingi. Ni kwamba wingi peke yake hauendi kwenye kikombe. Mwanasiasa akikutajia mita za ujazo bila kutaja chumvi na bila kutaja zinajazwa vipi, amekupa nusu ya habari.

"Wakimbizi wanamaliza maji." Hapa tufanye hesabu, kwa sababu nimechoka kuona watu wakibishana kwa hasira bila kalamu. Kambi za Dadaab zilianza 1991 watu walipokimbia vita Somalia. Chukua watu 300,000. Kila mmoja mpe lita 20 kwa siku, kiwango ambacho mashirika ya wakimbizi hulenga. Hiyo ni lita milioni 6, yaani mita za ujazo 6,000 kwa siku. Nyingi, sivyo? Sasa chukua shamba la mboga la kumwagilia kwenye joto la Garissa, ulipe milimita 5 za maji kwa siku. Hekta moja inakula mita za ujazo 50. Gawanya. Maji yote ya kunywa, kupika na kuoga ya watu 300,000 yanatosha hekta 120 tu, kama ekari 300. Hilo ni shamba moja la mtu mwenye uwezo. Kwa hiyo siku ukisikia ahadi ya "kuifanya Garissa kuwa kijani" kwa maji ya Merti, toa kalamu yako.

Lakini nisiwe wa upande mmoja. Wenyeji wa Dadaab wana hoja ya kweli, na si haki kuwaita wabaguzi kila wanapoitoa. Hoja yao si wingi, ni msongamano. Visima vingi vimechimbwa eneo dogo na vimevuta mfululizo kwa zaidi ya miaka 30, tena kwenye utepe uliozungukwa na chumvi. Kijiji cha pembeni kikiogopa kuletewa chumvi, kina haki ya kuogopa, na kina haki ya kuonyeshwa vipimo.

Na ugomvi wa Merti si wa Mkenya na mkimbizi peke yao. Ulipoletwa mpango wa kuvuta maji Habaswein na kuyapeleka Wajir mjini, kama kilomita 100 hivi, wenyeji wa Habaswein walikuja juu. Wajir ina shida ya kweli. Visima vyake vifupi viko katikati ya vyoo vya mji. Habaswein nao wana swali la kweli: yakiisha hapa, sisi mtatuletea kutoka wapi? Kaunti moja, watu wa lugha moja, na bado hawakuelewana. Ongeza mpaka wa kimataifa juu yake uone.

"Tuchimbe kabla jirani hajatumaliza." Hii ndiyo iliyonifanya nibishane na redio. Ndugu, jirani hawezi kutumaliza. Maji yanatoka kwetu kwenda kwao! Sisi ndio tuko juu. Tukivuta kupita kiasi Habaswein na Dadaab, wa kuonja chumvi kesho kutwa ni mtu wa Liboi, kisha wa Dhobley.

Na hiyo hali tunaijua vizuri tukiwa upande wa pili. Ziwa Turkana linapata zaidi ya asilimia 80 ya maji yake kutoka mto Omo wa Ethiopia. Bwawa la Gibe III lilipozinduliwa Desemba 2016, Wakenya tulilalamika, na tulikuwa na sababu: mlitupa taarifa gani, mlituuliza lini, wavuvi wetu wafanye nini. Sasa chukua maswali hayo hayo, uyaweke kinywani mwa mchungaji wa Afmadow, uone kama tuna majibu. Kenya na Somalia hazina mkataba wowote wa kugawana au kupima maji ya Merti.

Wala usianzie mpakani. Anzia mlimani. Kila bomba linalochota Ewaso Ng'iro huko juu kwa ajili ya maua na mboga linapunguza nafasi ya mafuriko kupita Lorian. Bwawa la Crocodile Jaws lilipopendekezwa, wafugaji wa chini walilipinga kwa sababu hiyo hiyo. Wengi tulilichukulia kama zogo la wafugaji na watalii. Kumbe mafuriko yanayozuiwa Laikipia ni maji ambayo hayakuingia kisima cha Somalia.

Sheria inasemaje? Nitakwenda mbio hapa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Jedwali la Nne linagawa kazi: huduma za maji ni za kaunti, lakini matumizi ya maji ya kimataifa na rasilimali za maji ni ya serikali ya kitaifa. Maana yake gavana anaweza kukuchimbia kisima, lakini hawezi kwenda Mogadishu kuzungumzia kinachoingia kisimani. Na anayeweza kwenda Mogadishu hajui gavana amechimba vingapi. Kibali kinatolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016, ila msimu wa kampeni mtambo wa kuchimba hufika kabla ya karatasi. Mnajua.

Kimataifa, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 63/124 mwaka wa 2008 lenye rasimu ya vifungu kuhusu maji ya chini yanayovuka mipaka: kila nchi ina mamlaka juu ya sehemu iliyo kwake, lakini itumie kwa haki, isimdhuru mwenzake, na wapeane takwimu. Ni maneno mazuri. Hayamfungi mtu.

Kuna walioweza, na walianza na kitu kidogo sana. Mji wa Geneva, Uswisi, unakalia maji ya chini ambayo yanaingia Ufaransa. Walichota vibaya miaka ya 1960 na 1970, yakashuka hadi visima vingine vikafungwa. Mwaka wa 1978 wakaandikiana mkataba. Waswisi wakaanza kuyajaza kwa maji ya mto Arve yaliyosafishwa. Wafaransa wakaruhusiwa kuchota hadi mita za ujazo milioni 5 kwa mwaka, milioni 2 za kwanza bure. Kila kisima kikafungwa mita, na kamati ya pande mbili ikawa inaangalia. Kilichonigusa ni waliotia saini. Hawakuwa marais. Walikuwa watawala wa mitaa, jimbo la Geneva na wilaya jirani ya Ufaransa. Najua, najua, Geneva si Dhobley, hakuna anayefukia bomu kando ya kisima cha Geneva. Kujaza kwa mto Arve hatutaweza kesho. Lakini mita? Mita ni chuma na kioo.

Tangu 2022 kuna mradi wa Benki ya Dunia wa maji ya chini kwa Pembe ya Afrika, ukihusisha Kenya, Somalia na Ethiopia pamoja na IGAD. Pesa ni za kutosha kuchimba na za kutosha kupima. Mwanasiasa atapiga picha na kuchimba. Hakuna anayekata utepe wa kisima cha kupimia, kile ambacho hakitoi maji, kimekaa tu hapo na kamba ndani yake kikituambia maji yameshuka sentimita ngapi tangu Januari.

Kwa hivyo mjadala mwingine ukija kwenu, na kipaza sauti kikifika mkononi mwako, usiulize visima vingapi. Jibu la hilo lishaandikwa. Uliza: vilivyopo, ni vingapi vina mita? Chumvi inapimwa mara ngapi kwa mwaka na karatasi hiyo tunaionea wapi? Mvua ikikosa msimu wa tatu, nani ana amri ya kupunguza saa za pampu, na mifugo itaelekezwa wapi siku hiyo? Na nani upande wa pili wa mpaka anapewa namba hizo?

Watu wa Habaswein, Dadaab, Liboi, na mlio Dhobley mnaosoma hapa: maji ya kisima chenu yamebadilika ladha tangu ule ukame? Semeni ni kisima gani na ni tangu lini. Nitakusanya.